Kabla ya Kubomoa Dohani ya Sebuleni: Gharama, Kibali na Usalama

Nyumba nyingi za zamani katika maeneo yetu ya baridi, kuanzia Molo, Elburgon na Mau Narok hadi Njoro na mtaa wa Milimani mjini Nakuru, zilijengwa zikiwa na meko ya ukutani sebuleni na dohani ya kutoa moshi juu ya paa. Wakati huo kuni zilikuwa tele na umeme ulikuwa wa wachache. Leo meko mengi hayajawashwa kwa miaka. Yamegeuka mahali pa kuwekea televisheni, na wenye nyumba wanatamani kuyaondoa ili sebule ipanuke.

Ni haki yako kuitengeneza nyumba yako upendavyo. Hata hivyo, dohani si pambo la ukutani. Ni mnara wa mawe au matofali wenye uzito wa tani kadhaa, na mara nyingi umeshikana na paa, na ukuta wa nje, na wakati mwingine na nyumba ya jirani. Ukiondolewa vibaya, huanguka. Makala haya yanaeleza namna ya kuamua kama kazi hiyo inafaa kufanywa, hatua zake, hesabu ya gharama, na kibali unachopaswa kuwa nacho kabla ya nyundo ya kwanza kugonga.

UKUTA WA DOHANI NI NINI?

Ukisimama sebuleni mbele ya meko, utaona sehemu nene ya ukuta iliyotokeza ndani ya chumba kutoka sakafuni hadi darini. Hapa tutaiita ukuta wa dohani. Ndani yake mna njia ya moshi. Juu ya dari ukuta huo huwa mwembamba, hupenya kwenye mbao za paa, kisha hutokeza nje juu ya mabati au vigae.

Tuchukue mfano wa nyumba isiyo ya ghorofa. Ukuta wa dohani una upana wa mita 1.5, unatokeza sentimita 60, na dari iko mita 2.7 juu. Juu ya dari, mnara una sentimita 60 kila upande na urefu wa mita 2.5. Ukiondoa nafasi ya meko na njia ya moshi, unabaki na karibu mita za ujazo 2.7 za mawe. Mita moja ya ujazo ikiwa na uzito wa kilo 1,800, jumla ni karibu tani 5. Kati ya hizo, takriban kilo 1,400 ziko juu ya dari, juu ya vichwa vya watu walioketi sebuleni.

Hii ndiyo sababu kosa la hatari kuliko yote ni kubomoa sehemu ya chini na kuacha ya juu ikining'inia. Fundi akiondoa ukuta wa sebuleni kwa sababu ndio unaochukua nafasi, kisha apige plasta na kufunga dari, nyumba inaweza kuonekana nzuri kwa miezi au hata miaka. Uzito ule wa juu sasa unashikiliwa na mbao za dari ambazo hazikutengenezwa kuubeba, au na udongo uliokauka kati ya mawe. Siku moja mbao zinachoka, mvua inalowesha mawe, au ardhi inatikisika.

Ardhi ya kwetu hutikisika kweli. Tupo katika Bonde la Ufa, na tetemeko la Subukia la Januari 1928, lililokadiriwa kuwa na ukubwa wa 6.9, linabaki kati ya makubwa zaidi yaliyopimwa nchini Kenya. Katika matetemeko ya ardhi popote duniani, dohani za mawe zisizo na nondo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuanguka.

JE, NI LAZIMA UIONDOE?

Una njia tatu. Kila moja ina gharama na hatari zake.

Ya kwanza ni kuziba meko na kuiacha dohani mahali pake. Mdomo wa meko unajengwa kwa tofali au kufungwa kwa ubao, na juu ya paa dohani inafunikwa kwa kifuniko kinachozuia mvua lakini kinachopitisha hewa. Ni muhimu kuacha tundu dogo la hewa lenye wavu sebuleni, mahali palipokuwa mdomo wa meko. Mawe ya kuchonga yanayotumika sana huku kwetu yalitokana na majivu ya volkano, nayo hunyonya maji. Dohani iliyozibwa kabisa juu na chini huhifadhi unyevu, na baada ya muda madoa na kuvu hujitokeza ukutani.

Ya pili ni kuondoa sehemu ya juu ya paa peke yake. Hii hufaa pale mnara unapopinda, unapopasuka au unapovujisha mvua. Mawe yanashushwa hadi chini ya usawa wa paa, paa linazibwa, na ukuta wa sebuleni unabaki. Uzito mwingi wa juu huondoka bila kuvuruga sebule. Ila kwa kuwa njia ya moshi haifiki tena nje, meko hayo hayafai kuwashwa tena kamwe. Yazibe siku hiyohiyo ili mpangaji au mgeni asije akawasha moto.

Ya tatu ni kuondoa dohani yote kutoka juu ya paa hadi sakafuni. Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayokupa nafasi.

Kuna wanaotaka njia ya nne, yaani kuondoa ukuta wa sebuleni na kuacha sehemu ya juu. Kwa nyumba ya chini, mara nyingi haina maana, kwa kuwa sehemu ya juu haina kazi tena. Katika nyumba ya ghorofa, ambapo chumba cha juu nacho kina ukuta wa dohani, inawezekana tu ikiwa mhandisi amepima uzito na kuchora boriti ya chuma au ya zege itakayoubeba, pamoja na mahali boriti hiyo itakapokalia. Vipande vya mbao na vyuma vya pembe vilivyopigiliwa ukutani kwa kukisia havitoshi.

Kabla ya kuchagua, pima nafasi utakayopata. Katika mfano wetu, ukuta wa mita 1.5 kwa sentimita 60 unachukua mita za mraba 0.9. Ni nafasi ya kabati moja la nguo. Kwa familia nyingine nafasi hiyo ina maana kubwa. Nyingine zikishaiona kwa tepu sakafuni, huamua kuziba meko na kuhifadhi fedha.

MAMBO SITA YA KUKAGUA KWANZA

1. Dohani inabeba nini? Panda darini mchana ukiwa na tochi, au mwombe fundi apande. Angalia kama kuna mbao za paa zilizokalia juu ya mawe ya dohani au zilizoingizwa ndani yake. Kama zipo, paa litahitaji kushikiliwa kwa nguzo za muda kabla ya kazi na mbao mpya baada yake.

2. Inashikilia ukuta gani? Dohani iliyojengwa kwenye ukuta mrefu wa pembeni mwa nyumba huuimarisha ukuta huo usiyumbe. Ikiondolewa, mhandisi aseme kama ukuta uliobaki unatosha kusimama peke yake.

3. Ni ya nani? Nyumba pacha, hasa zile zilizokuwa za wafanyakazi wa reli, serikali au mashamba makubwa, zinaweza kuwa na dohani moja yenye njia mbili za moshi. Upande wa pili jirani huenda bado anawasha moto. Zungumza naye mapema na mwandikiane. Usiguse sehemu yake bila idhini yake.

4. Paa ni la nini? Baadhi ya paa za zamani ni za asbesto. Nyuzi za asbesto zikivutwa pumuani husababisha maradhi makubwa, ikiwemo saratani, ambayo huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Usilikate paa hilo kwa msumeno, usilivunje kwa nyundo, na usifagie vumbi lake. Asbesto ni taka hatari kisheria, na huondolewa na kusafirishwa na mtu mwenye leseni ya NEMA.

5. Nyaya ziko wapi? Waya wa umeme unaoingia nyumbani unaweza kuwa umepita karibu na dohani au hata kufungwa kwake. Kuuhamisha ni kazi ya Kenya Power peke yake. Nyaya za ndani zilizopita kwenye ukuta wa dohani zihamishwe na fundi umeme mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA. Angalia pia mabomba ya maji na waya wa antena.

6. Kuna nani ndani? Dohani isiyotumika ni makao mazuri ya nyuki na ndege. Usiwashe moto kuwafukuza nyuki, kwa kuwa nta na masizi ya zamani huweza kushika moto na kuunguza paa. Mwite mfuga nyuki awahamishe.

KIBALI CHA KAUNTI

Wakazi wengi hudhani kibali ni cha nyumba mpya tu. Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza kuanza ujenzi wowote ndani ya kaunti bila idhini, na kazi inayogusa sehemu ya nyumba inayobeba uzito inaingia humo. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Anaweza pia kuagizwa arejeshe mahali hapo palivyokuwa. Hebu fikiria gharama ya kujenga upya dohani uliyokwisha kuibomoa.

Kupaka rangi au kufunika mdomo wa meko kwa ubao hakubadilishi muundo wa nyumba. Lakini kuondoa mawe, kufungua paa au kuweka boriti ni jambo la kuuliza kwanza. Fika katika ofisi ya upangaji miji iliyo karibu nawe ukiwa na picha za dohani kutoka ndani, nje na darini. Afisa atakueleza kama maombi kamili yanahitajika. Kuuliza si kosa, na hakufungui kesi.

Kwa maombi kamili, jiandae kuwa na:

• nakala ya hati miliki au hati ya kukodisha ardhi, na kitambulisho;
• stakabadhi kuonyesha kuwa ada za ardhi zimelipwa;
• michoro ya nyumba ilivyo sasa na itakavyokuwa, iliyotiwa sahihi na mtaalamu aliyesajiliwa;
• michoro na barua ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ikieleza namna uzito utakavyobebwa wakati wa kazi na baada yake;
• idhini ya maandishi ya jirani, ikiwa dohani ni ya pamoja.

Lipa ada kwa njia rasmi ya kaunti na uhifadhi stakabadhi. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi kwa ahadi ya kuharakisha kibali. Sheria inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini inahesabiwa kuwa imetolewa. Kwa hiyo hakikisha nakala yako ina muhuri na tarehe ya kupokewa. Ukikataliwa na usiporidhika, una siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya kaunti inayosikiliza masuala ya upangaji.

Mambo mengine matatu ya kisheria. Ikiwa umepanga, hata kama ni nyumba ya kaunti, huna ruhusa ya kubomoa bila idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Ikiwa nyumba yako ni sehemu ya jengo la pamoja lililosajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, shirika la wamiliki lazima lihusishwe. Na ikiwa nyumba imetangazwa kuwa urithi wa taifa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo ya kuulizwa kabla ya jiwe lolote kuguswa.

KAZI YENYEWE: JUU KWENDA CHINI

Kanuni ni moja: dohani hubomolewa jiwe kwa jiwe kutoka juu kwenda chini. Haisukumwi, haivutwi kwa kamba, na haianzwi sebuleni.

Chagua majira ya ukavu. Paa litakuwa wazi kwa siku kadhaa, na Januari na Februari huwa afadhali kuliko wakati wa mvua za masika. Hata hivyo, uwe na turubai tayari.

Siku ya kwanza ni ya maandalizi. Samani zinatolewa sebuleni. Umeme wa upande huo unazimwa. Nguzo za muda zinasimamishwa chini ya mbao za paa kwa maagizo ya mhandisi. Jukwaa imara linajengwa nje hadi juu ya paa, kwa maana ngazi iliyoegemezwa kwenye dohani inayobomolewa ni mtego. Mdomo wa meko unazibwa kwa ubao na turubai. Usipofanya hivyo, masizi ya miaka 70 yatashuka yote sebuleni.

Kisha mafundi wanaanza juu. Mawe yanalegezwa kwa tindo na nyundo, yanashushwa kwa ndoo na kamba au kwa mfereji wa mbao, na hayarushwi. Hayarundikwi juu ya paa wala darini. Eneo la chini linazungushiwa kamba ili watoto na wapita njia wasikaribie.

Mnara ukishashuka chini ya paa, tundu linazibwa mara moja. Mbao za paa zilizokatwa kuupisha mnara zinaunganishwa kwa mbao mpya za unene uleule, si kwa kubandika kipande kidogo. Bati jipya liingie chini ya lile lililo juu yake, na lilalie lile lililo chini yake, ili maji yateremke bila kupenya. Hapa ndipo nyumba nyingi huanza kuvuja, kwa sababu fundi amebandika bati juu ya tundu na kupaka lami pembeni.

Baada ya hapo kazi inaingia ndani na kuendelea kushuka hadi sakafuni. Ukuta ulio nyuma ya dohani huenda ukawa mwembamba au mbovu kuliko ulivyotarajia. Mhandisi auone kabla ya kupigwa plasta. Sakafu iliyokuwa chini ya meko hujazwa kokoto, hushindiliwa, huwekewa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, kisha humwagiwa zege.

Jambo moja husahaulika. Mawe yaliyokuwa karibu na njia ya moshi yamenyonya masizi na mafuta ya kuni. Ukipaka plasta na rangi juu yake moja kwa moja, madoa ya kahawia yatarudi baada ya mvua chache. Kwangua masizi yote, ondoa udongo uliolegea kati ya mawe, piga plasta mpya ya saruji, iache ikauke vizuri, na upake rangi ya msingi ya kuzuia madoa kabla ya rangi ya mwisho.

Masizi na vumbi la mawe ni hatari kwa mapafu. Mafundi wavae barakoa zinazofaa vumbi laini, miwani, helmeti, glavu na viatu vigumu. Lowesha mawe kwa maji kidogo ili vumbi lisiruke. Wazee, watoto na wenye pumu walale kwingine hadi kazi ya ndani iishe. Kanuni za kelele za 2009 nazo zinaweka mipaka ya kelele za ujenzi, hivyo kugonga kufanywe mchana.

HESABU YA GHARAMA

Hakuna bei moja ya kazi hii. Inategemea urefu wa dohani, aina ya paa, umbali kutoka barabarani na kama boriti inahitajika. Hesabu iliyo hapa chini ni ya kielelezo tu, kwa nyumba isiyo ya ghorofa ya mfano wetu. Tumeweka fundi Sh1,500 kwa siku, msaidizi Sh800, na mfuko wa saruji Sh800. Badilisha kwa bei za mahali pako, ila usiache kipengele chochote.

• Kubomoa: mafundi 2 na wasaidizi 3 kwa siku 5 — Sh27,000
• Kukodisha jukwaa na nguzo za muda — Sh12,000
• Paa na dari: fundi 1 na msaidizi 1 kwa siku 2, pamoja na mbao, mabati na misumari ya Sh15,000 — Sh19,600
• Ukuta na sakafu: fundi 1 na msaidizi 1 kwa siku 4, saruji mifuko 8, mchanga na kokoto za Sh5,000 — Sh20,600
• Kuondoa kifusi: safari 2 za lori — Sh10,000
• Rangi — Sh8,000

Jumla ni Sh97,200. Ongeza asilimia 15 ya dharura, yaani Sh14,580, nayo inafika Sh111,780. Bado hujalipia mhandisi, michoro wala ada ya kibali. Omba bei ya vitu hivyo kwa maandishi kabla ya kuamua. Ikiwa boriti inahitajika, ongeza chuma au zege, nguzo za muda zaidi, na siku kadhaa za kazi.

Linganisha na kuziba meko. Fundi 1 na msaidizi 1 kwa siku 2 ni Sh4,600. Vifaa tukiviwekea Sh5,000 na kifuniko cha dohani Sh4,000, jumla ni Sh13,600. Kwa bei zilezile, kabla ya kuongeza dharura, kuondoa dohani yote kunagharimu karibu mara saba ya kuziba, kwa nafasi isiyofika mita moja ya mraba. Amua ukijua hivyo.

Kuhusu kifusi, tani 5 za mawe zikivunjwa hujaa zaidi ya zilivyokuwa ukutani. Mita za ujazo 2.7 zinaweza kufika 4. Mawe mazima yasafishwe na kuhifadhiwa, yanafaa kwa ua, njia ya kutembelea au kuuzwa. Yaliyobaki yabebwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA hadi mahali palipoidhinishwa. Kuyamwaga kando ya barabara, kwenye mtaro au mtoni ni kosa, na mtaro ulioziba huleta mafuriko kwenye nyumba za wengine. Masizi yasitupwe shambani kiholela. Yafunge kwenye mifuko.

KUMCHAGUA FUNDI NA KUMLIPA

Pata bei kutoka kwa mafundi watatu waliofika na kuona darini. Anayekupa bei kwa simu bila kuona anakisia. Muulize kila mmoja swali hili: "Utaanzia wapi?" Anayejibu kwamba ataanzia sebuleni, mshukuru na umwage.

Omba kuona usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na uuhakikishe. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: kazi gani, kwa siku ngapi, nani ananunua vifaa, nani anaondoa kifusi, nani anatengeneza dari ya chumba cha jirani ikipasuka. Lipa kwa hatua: baada ya paa kuzibwa, baada ya ukuta wa ndani kushuka, baada ya plasta. Bakiza angalau sehemu moja ya kumi hadi mvua kubwa ya kwanza ipite bila paa kuvuja.

Kumbuka pia kuwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kumfidia mfanyakazi aliyeumia kazini. Kabla ya kuanza, jueni nani ni mwajiri wa vibarua na kama ana bima. Mkilijua hilo baada ya mtu kuanguka, mmechelewa.

BAADA YA DOHANI, BARIDI

Jambo la mwisho linahusu maisha zaidi ya fedha. Meko ya ukutani yalikuwa na njia ya kutoa moshi. Yakishaondolewa, baridi ya Juni na Julai haiondoki nayo, na familia nyingi huingiza jiko la makaa sebuleni au chumbani, kisha kufunga madirisha.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Jiko lenye makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo bado linaitoa. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, kisha husinzia. Aliyelala huenda asiamke. Kila msimu wa baridi nchini kwetu kuna familia zinazopotea hivi.

Kwa hiyo, usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata kama umeliweka kwenye korido na hata kama umeacha mlango wazi kidogo. Ukihisi dalili hizo, toeni watu wote nje mara moja, kisha nendeni hospitalini au mpige simu 999 au 112.

Katika bajeti yako ya kuondoa dohani, weka kipengele cha joto: dari nzuri, kuziba mianya ya milango, mapazia mazito, blanketi za kutosha, au kipasha joto cha umeme kwenye waya unaokihimili. Kama huna njia nyingine salama ya kupata joto, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuyaacha meko yako yalipo, kuisafisha njia ya moshi, na kuyatumia.

KWA UFUPI

• Pima nafasi utakayopata kabla ya kupanga gharama.
• Mhandisi akague darini, ukutani na kwa jirani.
• Uliza ofisi ya upangaji ya kaunti kabla ya kuanza, na uhifadhi nakala yenye muhuri.
• Usiguse paa la asbesto wala waya wa Kenya Power.
• Anzia juu ya paa, malizia sakafuni.
• Usibadilishe dohani kwa jiko la makaa ndani ya nyumba.

Maafisa wa upangaji na wakaguzi wa majengo wanapatikana katika ofisi za kaunti ndogo siku za kazi. Ukiona dohani iliyopinda, iliyopasuka au inayodondosha mawe karibu na njia ya watu, iwe ni ya kwako au ya jirani, ripoti katika ofisi hizo au kwa msimamizi wa wodi yako.